Kuingia Mahali pa Mtu Bila Ruhusa: Sheria Yasemaje?

Somo la juma hili ni juu ya jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku lifikapo mahakamani. Mtu apita katikati ya shamba la jirani ili afupishe njia. Mchungaji aacha ng'ombe wake waingie katika malisho ya mtu mwingine, kwa kuwa kwake majani yamekwisha. Mwenye nyumba ya kupangisha afungua chumba cha mpangaji kwa ufunguo wa pili, hali mpangaji yuko kazini. Kila mmoja wao adhani kwamba hana kosa. Yawezekana wote watatu wanalo, na huyo wa mwisho ndiye atakayeshangaa zaidi, maana nyumba aliyoiingia ni yake mwenyewe.

Kwa hiyo tumeona vema kuieleza sheria hii ya Kenya kwa maneno mepesi, ili msomaji aliye shambani na aliye mjini wapate kujua haki zao, na mipaka ya haki hizo. Jambo kuu la kushika ni kwamba sheria hii hukata kuwili. Humkataza mgeni asiingie bila ruhusa. Na tena humkataza mwenye mahali asijifanye askari, hakimu na mtoa adhabu, yote kwa wakati mmoja.

HODI NA KARIBU

Watu wetu hawakungoja sheria za kuandikwa ndipo wajue kwamba mahali pa mtu huombwa. Mtu afikapo mlangoni hupiga hodi, kisha hungoja neno "Karibu". Akipiga mara ya tatu asijibiwe, hurudi alikotoka, hata kama mlango u wazi. Waislamu wamefundishwa katika Kurani wasiingie nyumba zisizo zao mpaka wameomba ruhusa na kuwasalimu wenyeji. Na katika vijiji vyetu vya bara, mtu apitaye karibu na boma la watu huita kutoka mbali, ili asidhaniwe kuwa mwizi au adui.

Hodi ni ombi, na karibu ni ruhusa. Mambo hayo mawili ndiyo msingi wa sheria yote tutakayoieleza. Wala tusisahau kwamba neno "karibu" lina mipaka yake. Aliyekaribishwa barazani hakukaribishwa chumbani. Aliyealikwa kula chakula cha mchana hakupewa ruhusa ya kurudi usiku wakati mwenyeji hayupo. Na aliyepewa ruhusa, kisha akaambiwa kwa adabu kwamba sasa aondoke, hana ruhusa tena; akikataa kuondoka, ameingia katika kosa ijapokuwa aliingia mlangoni kwa heri.

SHERIA ILIYOANDIKWA

Sheria yenyewe ni Sura ya 294 katika Sheria za Kenya. Ilitungwa mwaka 1962, Kenya ilipokuwa bado koloni, nayo iliendelea kutumika baada ya uhuru. Kifungu cha 3 chasema kwamba mtu hutenda kosa la jinai akifanya mojawapo ya mambo yafuatayo katika ardhi ya mtu binafsi, bila sababu ya haki na bila ruhusa ya mkaaji wa ardhi hiyo:

1. Kuingia.
2. Kuwamo humo, au kuendelea kukaa.
3. Kusimamisha kibanda au jengo lolote.
4. Kulima.
5. Kulisha mifugo, au kuiacha mifugo iwe humo.

Msomaji ataona kwamba wizi haukutajwa. Mtu aweza kuwa na hatia ijapokuwa hakuchukua hata hindi moja la mahindi. Kosa ni kule kuingia kwenyewe, au kukaa, au kutumia ardhi isiyo yako. Wala si udhuru kusema, "Sikuona ua." Ardhi ambayo mtu ameishika kwa hati ya kumiliki au kwa mkataba wa kupanga hulindwa na sheria hata kama haikuzungushiwa seng'enge.

Huko Uingereza, kuingia tu katika ardhi ya mtu kwa kawaida ni jambo la madai, yaani mwenye ardhi humdai mwingiaji fidia, bali polisi hawamshtaki. Kenya njia zote mbili ziko wazi. Mwingiaji aweza kushtakiwa kwa jinai, na tena aweza kudaiwa fidia kwa mazao yaliyoliwa au ua uliovunjwa.

Hapa mzee mmoja aweza kuuliza, "Je, si sisi tulioitwa waingiaji katika nchi ya baba zetu?" Swali hilo ni la haki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliihesabu nchi waliyokaa Waafrika kuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza, na katika nyanda za juu watu wengi waliitwa maskwota pale pale walipozaliwa. Ndiyo sababu maneno "kuingia bila ruhusa" yana uchungu masikioni mwa wengi hata leo. Lakini Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba ardhi yote ya Kenya ni ya watu wa Kenya, nayo imegawanywa kuwa ardhi ya umma, ardhi ya jamii na ardhi ya watu binafsi. Kifungu cha 40 cha Katiba hiyo chalinda mali ya kila mtu. Leo mjane mwenye nusu ekari aweza kuitumia sheria ile ile ambayo zamani ilionekana kuwa ngao ya mwenye maelfu ya ekari.

NANI ATHIBITISHE?

Kwa kawaida katika kesi ya jinai, anayeshtaki ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kila jambo. Katika kosa hili kuna tofauti moja kubwa. Mtu akiisha kushtakiwa kwa kifungu cha 3, ni juu yake mwenyewe kuonyesha kwamba alikuwa na sababu ya haki, au kwamba alipewa ruhusa na mkaaji.

Fikiri, basi, juu ya mtu aliyeruhusiwa kwa mdomo kulima kipande cha shamba la rafiki yake. Rafiki akafa, watoto wake wakaja na kusema hawajui habari hiyo. Mlimaji yule ana kweli yake, lakini ataionyesha kwa nini? Heri angalikuwa na karatasi moja yenye tarehe na sahihi, au mashahidi wawili waliosikia maneno yale. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Na ruhusa bila shahidi ni vivyo hivyo.

Ama sababu ya haki, mahakama huitazama kwa hali ya kila kesi. Mtu aliyeruka ua ili kuzima moto uliokuwa ukiteketeza nyumba ya jirani hawezi kulinganishwa na yule aliyeruka ua ili achume maembe. Aliyekimbia mbele ya nyati hakupata nafasi ya kupiga hodi. Lakini kufupisha njia ya kwenda sokoni, au kutafuta majani kwa sababu ya kwako yamekauka, ni shida ambayo dawa yake ni kumwendea jirani na kumwomba kwanza.

MKAAJI NA MWENYE MALI

Tuangalie vizuri neno "mkaaji". Sheria haikusema "mwenye kumiliki". Yamtaja mtu anayeikalia ardhi kwa haki. Mara nyingi mkaaji ndiye mmiliki, lakini si sikuzote. Mtu akipanga shamba kwa mwaka mzima, yeye ndiye mkaaji wa mwaka huo. Na mtu akipanga chumba katika mtaa wa Nairobi au Mombasa, chumba kile ni chake kwa muda wote wa kupanga, ingawa matofali na mabati ni ya mwingine.

Kwa hiyo mwenye nyumba asiingie chumbani mwa mpangaji atakavyo. Mkataba ukimruhusu kuingia, kwa mfano ili kukagua mabomba ya maji, aingie kwa njia na kwa wakati uliotajwa katika mkataba. Pasipo ruhusa ya namna hiyo, hana budi kupiga hodi kama mtu mwingine. Mpangaji asipolipa kodi, hilo ni deni, na deni lina njia zake za kudaiwa kwa sheria. Kung'oa mlango, kuezua mabati au kutupa vyombo nje si mojawapo ya njia hizo.

Mpangaji naye asijisahau. Mkataba wake ukiisha kwa njia ya haki, na muda wa kuondoka ukapita, hawezi kusema "mimi ni mkaaji" kana kwamba amerithi nyumba.

NYUMBA NA USIKU

Kuingia katika nyumba ya mtu kwa nia ya kutenda kosa kubwa ni jambo zito kuliko kupita shambani, nalo lina sheria yake nyingine, yaani Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Kifungu cha 304 chasema kwamba mtu akivunja na kuingia katika jengo linalokaliwa na watu, kwa nia ya kutenda kosa kubwa la jinai humo ndani, aweza kufungwa miaka 7. Akitenda hivyo usiku, aweza kufungwa miaka 10.

Watu wengi hukosea maana ya neno "kuvunja". Hudhani lazima kitasa kipasuke au ukuta utobolewe. Kifungu cha 303 chaeleza kwamba aliyefungua mlango au dirisha lililofungwa, kwa kusukuma, kwa kuvuta, kwa kuinua au kwa ufunguo, amehesabiwa kuwa amevunja. Wala si lazima mwili wote uingie. Sehemu yoyote ya mwili ikipita ndani, amekwisha kuingia. Na hata kifaa alichokishika kikipita ndani, ni kama ameingia mwenyewe. Mtu asimamaye nje na kupenyeza kijiti dirishani ili kuvuta suruali iliyotundikwa asijidanganye kwamba miguu yake i barabarani.

Na usiku ni saa ngapi? Sheria haikuacha jambo hili kwa kukisia giza. Kwa Kanuni ya Adhabu, usiku huanza saa kumi na mbili na nusu jioni, huisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sababu ya kuongeza adhabu yaeleweka kwa kila mtu: usiku watu wamelala, watoto wamo ndani, na aliyeshtuka usingizini hawezi kujua kama aliyeingia ataka redio au ataka roho. Tofauti hii ya usiku na mchana ni ya kale sana. Hata katika torati ya Musa, kitabu cha Kutoka sura ya 22, mtu aliyempiga mwizi akamwua usiku katika kuvunja nyumba hakuhesabiwa damu yake, bali jua likiisha kuchomoza alihesabiwa. Tangu zamani hizo watu walijua kwamba hata uhai wa mwizi una thamani, na kwamba hofu ya usiku isiwe kisingizio cha kisasi cha mchana.

MKONO WA MWENYE MALI

Jambo hilo latuleta mahali ambapo watu wema wengi hupotea. Mwizi akamatwa katika boma, kelele yapigwa, kabla ya dakika kumi umati umefika na mawe, rungu na tairi. Asubuhi yake kuna maiti njiani. Pengine yule aliyeuawa alikuwa mlevi aliyepotea njia, au kijana aliyekuja kumwona msichana, au mgonjwa wa akili. Na hata kama alikuwa mwizi kweli, hakuna sheria ya Kenya inayowapa majirani ruhusa ya kumwua mtu aliyekwisha kukamatwa.

Sheria yampa mwenye mali nini, basi? Kwanza, yampa haki ya kujilinda na kulinda mali yake kwa nguvu zinazopasa, kadiri ya hatari iliyopo. Anayeshambuliwa kwa panga chumbani mwake si sawa na anayemwona mtoto juu ya mpera. Pili, Kanuni ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 34, humruhusu mwenye mali kumkamata mtu anayemkuta akitenda kosa la kuharibu mali yake. Tatu, kifungu cha 35 humwamuru ampeleke mtu huyo kwa polisi bila kukawia. Naye asifungwe wala kubanwa zaidi ya inavyohitajiwa ili asitoroke. Polisi nao, kwa kifungu cha 49 cha Katiba, wapaswa kumfikisha mahakamani upesi, na kwa kawaida isipite saa 24.

Apitaye mipaka hiyo hubadili nafasi yake: alikuwa mlalamikaji, sasa ni mshtakiwa. Kumjeruhi mtu kidogo kwaweza kuleta kifungo cha miaka 5. Kumwumiza vibaya kwaweza kuleta kifungo cha maisha. Na kumwua ni kesi ya mauaji. Mwenye shamba aliyepoteza maembe matano asikubali kupoteza na uhuru wake juu ya hayo.

HATA SERIKALI HUPIGA HODI

Mtu mwingine atasema, "Haya ni ya raia. Lakini mwenye amri ya Serikali huingia apendapo." Sivyo. Mwezi wa Novemba 1762, mjini London, wajumbe wanne wa Mfalme waliingia katika nyumba ya mwandishi mmoja aitwaye John Entick. Walikuwa na barua ya waziri, Lord Halifax. Walikaa humo saa nne, wakivunja makufuli na kupekua masanduku, kisha wakachukua karatasi zake. Entick aliwashtaki. Mwaka 1765 jaji mkuu, Lord Camden, aliamua kwamba hakuna sheria iliyompa waziri uwezo wa kutoa barua ya namna ile, na pasipo sheria wajumbe wale walikuwa waingiaji tu kama mtu yeyote. Entick alipewa fidia ya pauni 300.

Mafundisho ya mahakama za Uingereza yaliingia Kenya pamoja na sheria zilizopokewa mwaka 1897, na leo Katiba yenyewe imekaza jambo hilo. Kifungu cha 31 chasema kwamba kila mtu ana haki nyumba yake na mali yake zisipekuliwe ovyo. Kwa kawaida polisi anayetaka kupekua nyumba hupata kwanza hati ya mahakama. Ziko nyakati ambazo sheria humruhusu kuingia bila hati, kama vile anapomfuatia mtu wa kukamatwa aliyekimbilia ndani. Raia asimpige wala kumzuia kwa nguvu askari aliye kazini. Bali aweza kuuliza kwa adabu ajue jina lake, na kuomba kuiona hati. Kuuliza hivyo si ukaidi, ni haki.

ARDHI YENYE UGOMVI

Twamaliza kwa jambo linaloleta damu nyingi kuliko yote, nalo ni mtu kukuta wengine wamekalia ardhi anayoiita yake. Ana hati mkononi, ana hasira moyoni, na vijana wa kukodi hawakosekani. Afanyeje?

Kwanza, asiingie kwa nguvu. Kifungu cha 90 cha Kanuni ya Adhabu chasema kwamba mtu aingiaye katika ardhi kwa ukali ili kuitwaa, kwa kupiga watu, kwa kuwatisha, kwa kuvunja nyumba au kwa kukusanya kundi kubwa la watu, ametenda kosa, awe ana haki ya ardhi hiyo au hana. Neno hilo la mwisho lisomwe mara mbili. Hati ya kumiliki haimpi mtu ruhusa ya kuleta vita. Na kifungu cha 91 chamgeukia mwingine: anayeshikilia ardhi bila haki, kwa namna ya kuleta fujo dhidi ya mwenye haki, naye ana kosa.

Pili, atoe ilani. Kwa sheria ya ardhi iliyorekebishwa mwaka 2016, mwenye ardhi anayetaka kuwaondoa watu waliokalia ardhi yake bila idhini hutoa ilani ya maandishi isiyopungua miezi 3. Nakala yake hupelekwa kwa naibu wa kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa mahali hapo. Ilani hueleza pia habari za kuondoa majengo na kuvuna mazao. Walioandikiwa ilani waweza kwenda mahakamani kuomba nafuu. Muda huo haukuwekwa ili kumwudhi mwenye ardhi. Uliwekwa ili watoto wasilale mvuani, na ili lililo kweli lipate kusemwa mbele ya hakimu.

Tatu, asilale. Kwa Sheria ya Mipaka ya Muda, Sura ya 22, mtu hawezi kudai ardhi yake mahakamani baada ya miaka 12 kupita tangu haki yake ya kudai ilipoanza. Mtu aliyeikalia ardhi ya mwingine waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa, kwa muda huo wote, aweza kuiomba mahakama imwandike kuwa mwenyewe. Jambo hilo halihusu ardhi ya umma. Kwa hiyo mtu afanyaye kazi mbali na nyumbani na atembelee shamba lake, na akiona mgeni amejenga, apeleke shauri mapema. Haki isiyodaiwa huzeeka.

Basi hodi ipigwe na pande zote: na mpitaji, na mchungaji, na mwenye nyumba, na mwenye hati, na askari pia.

MASWALI YA KUJIPIMA

Maswali haya yafaa kuzungumzwa barazani au katika darasa la watu wazima. Majibu yamo katika somo.

1. Mbuzi wako wameingia katika shamba la jirani lisilo na ua, nawe uliwaona ukanyamaza. Je, una kosa?
2. Mpangaji wako hajalipa kodi ya miezi miwili. Waweza kufungua chumba chake na kutoa kitanda nje?
3. Umemkamata kijana akivunja ua wa shamba lako saa tisa mchana. Taja mambo mawili ambayo sheria yakuamuru, na moja ambalo yakukataza.
4. Ndugu yako yuko Mombasa kwa miaka 9, na mtu mwingine amelima shamba lake muda huo wote bila ruhusa. Utamwandikia barua gani, na kwa nini usingoje miaka mingine mitatu?